Ukuta Usiokuwa na Mulango

Hii habari ilimupata Stéphane, mutoto wa mama mudogo wangu. Anayeona naongopa aende Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa, akaulize kwa mama Dorica, yule anayepangisha vyumba karibu na fasi ya mitumbwi, pale pirogue zinapotia nanga. Yeye bado yuko hai, na mudomo wake unafanya kazi vizuri sana.

Ilikuwa mwaka wa 1999, mwezi wa nane, siku ya Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Wanawake walikuwa wameanika chisense juu ya mchanga, wale samaki wadogo kama kucha, na harufu ilijaa mpaka ndani ya biro ya mradi wa samaki ambamo Stéphane alikuwa anafanya kazi. Kompyuta ilikuwa moja tu. Umeme ulitoka kwa jenereta iliyonguruma nyuma ya biro kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja, kisha mutu wa mafuta anaizima, hata kama uko katikati ya neno.

Stéphane alikuwa amesoma mambo ya kompyuta miaka miwili kule Lubumbashi kabla ya vita kumukatiza masomo. Mukubwa wake wa kazi, injinia Kaoma, Mzambia mupole, alimupatia CD ya mchezo mumoja wa kukimbia kwenye korido na kupiga risasi. Ndani ya ile CD kulikuwa na kifaa cha kujengea. Unachora kuta, sakafu na paa, programu inavipika pamoja, halafu unaingia na kutembea ndani kama uko pale kwa miguu yako. Kaoma akasema tutoe bunduki, tujenge soko jipya la samaki, wakubwa wa Lusaka walione hata kabla ya tofali la kwanza. Stéphane akajenga. Meza arobaini, mifereji ya maji, fasi ya kupimia, vyote. Programu ilikubali mara ya kwanza. Kaoma alicheka kama mutoto na kuzunguka mule sokoni mpaka jenereta ikazimwa.

Ile Jumanne soko lilikuwa limekwisha, na kompyuta ilikuwa irudi Lusaka siku ya Ijumaa. Zilibaki siku tatu. Ndipo Stéphane akasema moyoni: sasa nijenge nyumba ya mama.

Mama yake, Suzanne, alikuwa amelala juu ya mukeka kwa mama Dorica tangu walipovuka ziwa kutoka Congo mwezi wa tatu. Hakuwa na homa. Kliniki walimupima damu, hawakuona kitu. Alikuwa amekataa tu kula. Anameza matonge mawili ya ubwali, ugali wa huku, kisha anasukuma sahani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Muuguzi alimuambia Stéphane wazi kwamba kwa mwendo ule mama hamalizi mwezi.

"Nasahau nyumba yangu," mama alimuambia asubuhi ile. "Jana nilitafuta mulango mu kichwa, sikuuona. Nitakufa kama mutu mwenye hakukuwa na kwake."

Neno hilo lilimuchoma. Akawaza kwamba mama akiiona nyumba yake tena, akatembea ndani hata kwa macho tu, roho itamurudia na atakula. Hakuwa na dawa nyingine. Unafikiri angefanya nini?

Nyumba yenyewe, ile ya kule Congo, ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, ya matofali mabichi, paa la nyasi. Kazi ya saa mbili. Alichora chumba cha mbele, jiko, kisha chumba cha wazazi. Akaiambia programu ipike. Programu ikakataa. Ikaandika kwamba kuna tundu.

Ngoja nieleze hapa, maana bila hili hautaelewa kitu. Kile kifaa kinataka kazi yako izibwe pande zote, kama pirogue. Nje ya kuta zako hakuna udongo wala hewa, kuna utupu mweusi tu. Pakibaki upenyo hata wa unywele mumoja, programu inagoma. Lakini haikuachi hivihivi. Inakuchorea mustari mwekundu unaoanzia kwa kitu kilichomo ndani ya chumba na kutokea kwenye lile tundu, ili uufuate na uzibe.

Stéphane aliufuata. Ulikuwa unatoka kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha wazazi, usawa wa magoti. Akausogelea ule ukuta. Ulikuwa muzima, hauna hata mukwaruzo. Akaufuta, akachora mwingine. Tundu palepale. Akaufanya munene kama ukuta wa kanisa. Palepale. Akafuta nyumba yote na kuanza upya, jasho linamutoka, saa inakimbia. Palepale tu.

"We kitu gani!" alipiga kelele, akapiga meza mpaka kipanya kikaruka. "Soko muzima ulikubali, nyumba moya ya nyasi unanikatalia?"

Injinia Kaoma aliinua kichwa kwenye karatasi zake. "Ba Stéphane, mukwai, tafadhali, ile mashini haina masikio. Na iko ya Lusaka."

Jenereta ikazimwa. Kioo kikawa cheusi. Stéphane alitukana kwa Kifaransa, akatukana kwa Kibemba, akamalizia kwa Kiswahili.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Siku hiyo aliangalia upande mwingine wa ule mustari, kule unakoanzia. Sharti uanzie kwa kitu: taa, kiti, sanduku, kitu ambacho wewe mwenyewe umekiweka. Aliufuata kurudi nyuma, pole pole. Ulianzia chini, kwenye kona ya chumba cha wazazi, fasi kitanda kingekuwa. Hakuwa ameweka kitanda. Hakuwa ameweka kitu chochote mule. Akabonyeza pale. Programu ikaonyesha kwamba kitu kipo. Jina, hakuna. Aina, hakuna. Akakifuta. Akapika tena. Mustari ukaanzia palepale.

Alirudi nyumbani amefura. Mama Dorica alikuwa uani anaosha vyombo, akamuonyesha kwa macho tu: ubwali wote ulikuwa umerudi. Stéphane akaketi kando ya mukeka wa mama yake na kuanza kulalamika, siyo kwamba anategemea jibu, hasira tu ilikuwa inamutoka.

"Ile ukuta ya nyuma itaniua, mama. Ya chumba yenu. Naziba, naziba, inasema tu kuko tundu."

Suzanne alikuwa amemupa mugongo. Akageuka.

"Fasi gani ya ukuta?"

"Chini. Hapa." Alijipiga kwenye goti.

Mama aliliangalia lile goti. Kisha akanong'ona. "Njo ile fasi, ndipo tulimupitishia baba yako."

Kwao, kwa ukoo wa mama, mwenye nyumba akifa hatolewi kwa mulango unaotumiwa na kila mutu. Wanatoboa ukuta wa nyuma, chini, na kumupitisha pale. Halafu mutoto wa kwanza mwanaume analiziba lile tundu kwa udongo, kwa mikono yake mwenyewe, kabla siku ya tatu haijaisha, ili marehemu aende zake na asipate pa kurudia. Baba yake, muzee Blanchard, alipokufa, Stéphane alifika kutoka Lubumbashi siku ya pili baada ya maziko. Udongo ulikuwa umekwisha kukandwa, uko ndani ya karai, unamungoja. Yeye alikuwa amechoshwa na barabara. Na kusema kweli, aliona ni mambo ya wazee tu. Akasema, "Kesho, mama." Kesho yake alfajiri risasi zilianza kulia, na kila mutu akakimbilia pirogue.

Suzanne hakumulaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomuumiza kijana. Afadhali angetukanwa.

"Mama, mashini haiwezi kujua ile," alisema. "Miye sikuichora."

"Mashini haijue," mama akamujibu. "Yeye njo anajua."

Alhamisi Stéphane alikaa mbele ya kompyuta. Alikuwa anaogopa, ndiyo, lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko woga. Siku moja imebaki, mama anaisha, na yeye anashindwa na ukuta wa matofali ambao hata haupo! Akafungua yale maelezo yaliyokuja na CD, akasoma mpaka mwisho. Kule mwishoni akakuta onyo. Lilisema kwamba mafundi wavivu, wakishindwa na tundu, huzungushia kazi yao yote sanduku moja kubwa, kuta nne, sakafu na kifuniko. Tundu linabaki, lakini sasa linafungukia ndani ya sanduku, siyo kwenye utupu, na programu inaridhika. Usifanye hivyo, maelezo yalisema, maana unafungia ndani vitu vilivyotakiwa kubaki nje.

Stéphane akafanya. Sanduku kubwa, hatua nne kutoka kila ukuta wa nyumba. Akapika. Programu ikakubali.

Hata hakufurahi. "Enfin, mwishowe," alisema, akaazima baiskeli na kukimbia kumuchukua mama. Alimubeba kwenye kariya ya nyuma, mwepesi kama gunia la samaki wakavu. Kaoma alikuwa ameenda ziwani. Biro ilikuwa tupu, jua la saa tisa linaingia kwa dirisha. Akamuketisha mbele ya kioo na kushika vitufe.

Mulango ukafunguka.

"Ee Yesu," mama alisema. "Njo ile."

Waliingia. Chumba cha mbele. Jiko. Machozi yalikuwa yanamushuka mama, lakini alikuwa anatabasamu, na Stéphane kifua kilimupanuka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Wakaingia chumba cha wazazi. Vidole vyake vikaacha vitufe.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu.

Yeye alichora ukuta muzima. Na kile kifaa hakijui kuchora isipokuwa mistari iliyonyooka. Lile tundu lilikuwa na kingo za kuvunjavunja, kama lililotobolewa kwa jembe.

"Pita," mama alinong'ona.

"Mama, tuache."

"Pita."

Alipita. Wakatokea nyuma ya nyumba. Ardhi ya kijivu, na mbele yao ukuta wa sanduku, mrefu, bila alama. Akabonyeza kwenda mbele. Hawakwenda. Akabonyeza tena. Ilikuwa kama wamegonga kitu. Hakukuwa na kitu.

Mama akasogeza uso karibu kabisa na kioo.

"Blanchard," alisema pole pole.

Jenereta ilikuwa inanguruma kule nje.

"Unazunguka tangu lini?"

Halafu picha ikarudi nyuma hatua moja. Stéphane aliangalia mikono yake. Ilikuwa juu ya mapaja.

Ikarudi hatua nyingine.

"Hii ukuta ya inje," mama aliuliza bila kugeuka, "nani alijenga?"

"Miye."

"Iko na mulango?"

"Apana."

Mama akavuta pumzi. "Umemufungia, mutoto yangu. Na miye umeniingiza."

Stéphane alichomoa waya ukutani. Hakungoja kuzima kama inavyotakiwa.

Jioni ile Suzanne alikula. Ulisikia? Alikula! Aliomba ubwali, akaomba samaki, akaomba na pilipili. Mama Dorica alipiga vigelegele jikoni. Stéphane alilia kwa furaha, akajiambia kwamba yale yote yalikuwa woga na njaa ya kutokula mchana. Lakini mama aliomba sahani mbili. Moja akala yeye. Nyingine akaiweka upande wa kushoto, karibu na ukuta. Dorica alipokuja kuondoa vyombo, zote mbili zilikuwa tupu, na Stéphane, aliyekuwa ameketi palepale muda wote, hakuona mukono wa mutu.

"Alikuwa na njaa," mama alieleza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Anakuomba ufungule. Amechoka."

"Nikifungula?"

"Ataenda."

"Yeye peke yake?"

Mama aliangalia zile sahani. "Ulinipeleka mule, Stéphane. Ukifungula, tutatoka wote wawili. Fungula tu, mutoto yangu. Haiko mubaya."

Ijumaa asubuhi lori la Lusaka lilikuwa tayari limesimama mbele ya biro. Kaoma aliwasha jenereta kidogo ili ahakikishe soko liko salama, akamuachia Stéphane kiti dakika chache. Kijana alifungua nyumba. Akachagua ukuta mumoja wa lile sanduku. Ukawa mwekundu. Kilibaki kidole kimoja tu, kwenye kitufe cha kufuta.

Akamufikiria mama yake alivyokula jana, pilipili inamutoa kamasi, anacheka. Ni mutoto gani angebonyeza? Wewe ungebonyeza?

Aliondoa kidole. Akafunga kila kitu. Nakala hakuchukua, maana alitaka kile kitu kiende mbali naye.

"Tayari?" Kaoma aliuliza.

"Tayari, bwana."

Jumamosi mama aliamka mwenyewe, akafunga kitenge, akasema anataka kwenda kusalimia ziwa. Dorica na Stéphane walisimama mulangoni wakimuangalia kwa furaha. Alitembea vizuri. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Akasimama. Akainua mukono, kiganja wazi mbele yake, kama mutu anayepapasa kitu.

"Nini, mama?"

"Ukuta."

Walijaribu kumubeba. Alipofika pale akapiga yowe, damu ikamutoka puani, wakamurudisha haraka. Walijaribu upande wa barabara. Hatua nne. Walijaribu nyuma, kwenye choo. Hatua nne. Basi akaanza kuzunguka nyumba. Kila siku, tangu asubuhi, anazunguka na kuongea kwa sauti ndogo na mutu aliye upande wake wa kushoto. Alikula. Alinenepa. Kila mutu pale Nchelenge alisema mama Suzanne amepona, na Stéphane alikuwa anawasikia na kuuma meno.

Alipanda basi kwenda Lusaka, siku mbili za mavumbi. Kule alionyeshwa kompyuta ileile, safi, imepakwa rangi mupya kwenye kona.

"Tulifuta yote Jumatatu ile ilipofika," fundi alisema. "Tunafanya vile kwa kila mashini inayorudi. Kwani kulikuwa na nini?"

Stéphane angejibu nini? Kwamba mule ndani alikuwamo mama yake? Akasema, "Kazi yangu tu," akatoka.

Alibaki Lusaka wiki tano. Aliomba kompyuta kwa kila aliyekuwa nayo, akaijenga ile nyumba upya, kuta zilezile, vipimo vilevile, bila sanduku. Alitaka lile tundu. Alitaka programu igome, imuchoree ule mustari, apate njia ya kuwatoa. Programu ilikubali mara ya kwanza. Hakuna tundu, iliandika. Alijenga mara ishirini. Ilikubali mara ishirini. Alitoboa ukuta mwenyewe. Mustari ukaanzia kwa taa aliyoiweka mwenyewe. Lilikuwa tundu la kawaida la mutu muzembe. Alipiga ile meza ya watu mpaka wakamufukuza.

Suzanne alikufa na mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja, amelala, tumbo limeshiba. Stéphane alikuwa amerudi siku mbili kabla. Aliomba ruhusa kwa mama Dorica, akatoboa ukuta wa nyuma kwa jembe, wakamupitisha mama pale. Kutoka makaburini alirudi anakimbia. Alikanda udongo kwa mikono yake na kuliziba tundu kabla hata watu hawajanawa. Alilisawazisha mpaka giza likaingia, huku anarudia, "Leo, mama. Leo."

Mama Dorica anafagia uani kila jioni, mpaka mchanga unabaki na mistari ya ufagio tu. Asubuhi yake zipo nyayo. Kubwa na ndogo, sambamba, hatua nne kutoka ukutani, zinaizunguka nyumba. Haziji kutoka nje na haziendi nje. Alimwaga majivu. Pasta aliomba siku tatu. Wapangaji wawili walihama bila kuaga.

Mwaka uliofuata Stéphane, aliyekuwa amehamia mbali, alikuja kuona mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali. Alisimama nje kidogo ya ile njia, upande unaotazama ziwa, pale nyayo zilipokuwa zimesimama pamoja, vidole vinaelekea maji.

"Mama," alisema. "Niko hapa."

Hakuna kilichotokea. Kuku wa Dorica alipita. Stéphane alisogea kulia, hatua tatu, kupisha jua machoni. Alipoangalia chini, nyayo ndogo zilikuwa mbele yake tena, vidole vinaelekea viatu vyake, na hapakuwa na nafasi ya kiganja kimoja kati yao.

Alikaa pale mpaka Dorica alipomuita kula.